Thorin na Mlima wa Baba Zake

Kupotewa na mali ni msiba. Kupotewa na nchi ni msiba mkubwa zaidi. Mali yaweza kutafutwa mahali popote penye kazi, lakini nchi ya baba ni moja tu, na mtu aliyefukuzwa humo huichukua moyoni kila aendako. Kwa sababu hiyo hadithi ya mtu arudiye kudai nchi yake huvuta mioyo ya wasomaji wa mataifa yote. Hatuulizi kwanza kama mtu huyo ni mwema au mbaya. Twaona kwamba amedhulumiwa, twashika upande wake, na twataka afike salama.

Katika insha hii nataka kumchungua mmoja wa watu wa namna hiyo: Thorin mwenye Ngao ya Mwaloni, kiongozi wa vibeti katika kitabu cha J. R. R. Tolkien kiitwacho The Hobbit. Swali langu ni hili: mtu mwenye haki ya kweli aliwezaje kutenda dhuluma mara tu alipoipata haki yake? Wasomaji wengi hujibu upesi kwamba alipenda dhahabu kupita kiasi. Jibu hilo si la uongo, lakini halitoshi. Kwa maoni yangu, kosa la Thorin lilianza kabla hajaiona dhahabu. Aliikumbuka nchi yake nusu tu: aliukumbuka mlima, akawasahau majirani.

Yafaa kwanza tujue kitabu chenyewe na mtungaji wake. Tolkien alizaliwa tarehe 3 Januari, 1892, katika mji wa Bloemfontein, Afrika ya Kusini, akapelekwa Uingereza angali mtoto mdogo. Alipigana katika vita vya Somme, nchini Ufaransa, mwaka 1916, na baadaye akawa profesa wa Kiingereza cha kale katika Chuo Kikuu cha Oxford. The Hobbit kilitokea London mwezi wa Septemba, 1937. Kabla hakijapigwa chapa, Stanley Unwin, mwenye kampuni ya vitabu, alimpa mwanawe Rayner, mtoto wa miaka 10, asome mswada na kuandika maoni yake. Mtoto akaandika kwamba kitabu ni kizuri, akalipwa shilingi moja kwa kazi hiyo. Wanafunzi watafurahi kujua ya kuwa mmoja wa wahakiki wa kwanza wa kitabu hiki alikuwa mdogo kuliko wao.

Neno kibeti nalo lataka maelezo kidogo. Vibeti wa Tolkien si watu wafupi tunaoishi nao, wala si mbilikimo, jina ambalo kwa Kiswahili wameitwa watu wa kweli wa misitu ya Kongo. Hawa ni taifa la kubuniwa, lililotoka katika masimulizi ya kale ya Ulaya ya Kaskazini: watu wafupi wa kimo, wenye ndevu ndefu na umri mrefu, mafundi wa kufua chuma na kuchonga mawe, ambao makao yao ni chini ya milima. Jina la Thorin, pamoja na majina ya karibu wenzake wote, Tolkien aliyatwaa katika shairi la kale la Iceland liitwalo Völuspá.

Kisa chenyewe ni hiki. Thror, babu yake Thorin, alikuwa mfalme chini ya Mlima wa Upweke, na watu wake walitajirika kwa ufundi wao. Sifa ya utajiri huo ikamfikia Smaug, joka lirukalo na kutema moto. Siku moja likashuka mlimani, likaua vibeti, likaharibu mji wa binadamu ulioitwa Dale, uliokuwa bondeni chini ya mlima, likakusanya dhahabu yote na kulala juu yake. Thorin alinusurika kwa kuwa siku hiyo alikuwa nje. Kwa hesabu ya miaka ambayo Tolkien aliitoa baadaye, mwishoni mwa kitabu chake kingine kikubwa kilichokamilika kuchapishwa mwaka 1955, Thorin alikuwa na miaka 24 alipofukuzwa kwao, na alikaa ugenini miaka 171. Babu yake aliuawa mbali na mlima, na baba yake alikufa kifungoni. Yeye akabaki mrithi. Jina lake la Ngao ya Mwaloni lilitoka katika vita vya ugenini: ngao yake ilipovunjika, alikata tawi la mwaloni kwa shoka lake, akajikinga nalo na kupiga nalo. Jina hilo ni sifa halali. Latuonyesha mtu asiyekubali kushindwa hata silaha zinapokwisha mkononi.

Hatimaye, kwa msaada wa mzee wa hekima na miujiza aitwaye Gandalf, Thorin akapata ramani ya mlima na ufunguo wa mlango wa siri. Akaondoka na vibeti 12. Ili wasiwe 13, hesabu ambayo Wazungu huiogopa kuwa ya nuksi, wakamwajiri hobiti mmoja jina lake Bilbo Baggins. Mahobiti ni watu wafupi kuliko vibeti, wasio na ndevu, wapendao chakula na raha ya nyumbani. Bilbo aliajiriwa awe mwizi wao, na katika mkataba wake akaahidiwa fungu moja kati ya mafungu 14 ya faida yote.

Mwandishi ametumia busara kubwa katika kutuonyesha kiburi cha Thorin, maana anaanza kwa kutuchekesha. Thorin anafika nyumbani kwa Bilbo pamoja na wenzake watatu, mlango unafunguliwa kwa ghafula, wote wanaanguka kifudifudi, na Bombur, aliye mnene kuliko wote, anamlalia mkuu wake. Thorin anainuka amekasirika. Wengine wanamsalimu mwenyeji wao kwa kujitolea kumtumikia kama ilivyo desturi yao. Yeye hasemi neno hilo. Wengine wanaosha vyombo baada ya kula. Yeye anakaa karibu na moto anavuta kiko. Anapoanza kusema, hotuba yake haijui kituo. Twacheka, na katika kucheka twamsamehe. Mwandishi ametuzoeza kuona kiburi hicho kuwa ulemavu mdogo wa mkubwa mmoja aliyeanguka, na hatushtuki mapema. Mambo ya dunia ndivyo yalivyo: kiburi cha mtu asiye na uwezo ni kichekesho, na kiburi hicho hicho kikipata ngome na silaha huwa msiba.

Lakini katika usiku huo huo Thorin anasema jambo ambalo wasomaji wengi hulipita bila kulitazama. Anapoisimulia nchi yake, anaeleza kwamba vibeti wa mlimani hawakulima wala kutafuta chakula chao wenyewe. Kazi yao ilikuwa kufua na kuchonga. Binadamu wa bondeni waliwaletea watoto wao wafundishwe ufundi, wakalipa vizuri, na zaidi walilipa kwa vyakula. Soko la Dale likajaa vitu vya kuchezea watoto, vya ajabu, vilivyotengenezwa na vibeti. Basi ufalme wa Thror haukuwa mlima tu. Ulikuwa mlima na bonde, nyundo na jembe, fundi na mkulima, kila mmoja akiishi kwa mkono wa mwenzake. Hiyo ndiyo nchi iliyopotea. Thorin anaieleza yote kwa kinywa chake mwenyewe, lakini anapomaliza kusimulia, linalobaki katika moyo wake ni dhahabu iliyoibiwa na kisasi juu ya mwizi. Anakiri kwamba yeye na watu wake sasa wamejiwekea akiba na hali yao si mbaya, na wakati anasema hivyo anapapasa mkufu wa dhahabu shingoni mwake. Si njaa, basi, iliyomtoa. Ni heshima ya ukoo. Na heshima ya ukoo ni jambo jema, ila ina hatari hii: humfanya mtu ayahesabu sana yale aliyonyang'anywa yeye, na kutoyahesabu yale waliyonyang'anywa wengine na mwizi huyo huyo.

Safari yao ni ndefu, nami sitaisimulia yote. Nitataja mahali pawili tu. Katika msitu mkubwa, mfalme wa Waelfi, taifa la msituni lisilozeeka, anamkamata Thorin na kumwuliza sababu ya safari yake. Thorin anajibu tu kwamba walikuwa na njaa. Anakubali kutiwa gerezani kuliko kusema siri, maana anaogopa kuombwa fungu katika hazina ambayo bado hajaipata. Kwa hiyo kabla hajashika hata sarafu moja, amekwisha kuanza kuilinda.

Mahali pa pili ni Mji wa Ziwani, mji wa mbao uliojengwa juu ya nguzo majini. Bilbo amewatorosha vibeti kutoka gerezani kwa kuwatia katika mapipa na kuwapeleka mtoni. Thorin anatoka katika pipa lake akiwa amelowa, ameumia viungo, na majani makavu yamemnasa katika ndevu. Hana silaha, hana nguo nzuri, hana chakula. Hata hivyo anaingia katika karamu ya mkuu wa mji, anasimama mlangoni, anataja jina lake na la baba yake na la babu yake, na kusema kwamba mfalme amerudi. Ukurasa huu wapendeza mno. Hapa kiburi chake si kichekesho wala dhambi. Ni ile nguvu iliyomshikilia miaka 171. Watu wa mji wanashangilia. Wana nyimbo za zamani zisemazo kwamba mfalme wa mlima akirudi, mto utatiririka dhahabu. Wanampa nyumba, chakula, nguo, farasi na mashua. Wanampa kabla hajawapa kitu, kwa ahadi ya wimbo tu. Msomaji aliweke deni hili katika kumbukumbu, maana Thorin hataliweka.

Sasa tuulize: ni nani aliyeukomboa mlima? Bilbo ndiye aliyeingia peke yake katika shimo la joka, akaiba kikombe, kisha akarudi tena akazungumza nalo na kuona mahali pasipo na kinga katika ubavu wake wa kushoto. Ndege mmoja alisikia habari hiyo akaipeleka. Smaug alipotoka kwa hasira kwenda kuuchoma Mji wa Ziwani, mpiga upinde aitwaye Bard, mzao wa Girion aliyekuwa mtawala wa Dale, akalipiga joka kwa mshale wake mweusi mahali pale pale. Joka likaangukia mji na kuuvunja vipande. Wengi walikufa, na wengine waliookoka usiku ule wakafa baadaye kwa baridi, maji na huzuni. Wakati huo wote Thorin alikuwa ndani ya mlima. Hakuona pigo lililomrudishia ufalme wake. Mlima ukawa wake kwa ujasiri wa mtumishi aliyeajiriwa, na kwa mkono wa jirani ambaye mji wake uliteketea.

Bard akaja langoni, na hapo kuna mashindano ya hoja ambayo, kwa kadiri ya maoni yangu, ni sehemu bora ya kitabu kizima. Bard alileta hoja tatu. Kwanza, yeye ndiye aliyeua joka. Pili, katika hazina ile mna mali ya Dale iliyoporwa na joka, naye ni mrithi wa Girion. Tatu, watu wa Ziwani walimsaidia Thorin katika shida yake, na malipo yao yamekuwa moto. Thorin naye hakukosa la kujibu. Alisema kwamba kosa la joka si deni la vibeti. Kwamba gharama ya msaada wa watu wa Ziwani italipwa kwa wakati wake. Lakini kwamba hatatoa kitu chochote kwa kutishwa na jeshi lililosimama mlangoni pake. Tena aliuliza: kama mngetukuta tumekufa na hazina haina mlinzi, ndugu zetu mngewapa fungu gani? Bard mwenyewe alikiri kuwa swali hilo ni la haki.

Msomaji asiharakishe kumhukumu Thorin hapa. Ni kweli kwamba jeshi lilikuwa mlangoni, na katika jeshi hilo alikuwamo yule mfalme wa Waelfi aliyemtia gerezani. Mtu kuombwa fungu mbele ya mikuki si kuombwa. Lau Tolkien angetaka kutunga kisa chepesi, angemfanya Thorin aseme maneno ya kipumbavu, nasi tungemchukia bila taabu. Hakufanya hivyo. Alimpa hoja nzuri, akatuacha tuone kwamba mtu aweza kuwa na hoja nzuri na bado akawa amepotoka. Maana hoja zote za Thorin zina pengo moja: hazina nafasi ya huruma. Anasema juu ya watu wa Ziwani kama vile mfanya biashara asemavyo juu ya hesabu ya deni, na wao wamelala nje kwenye baridi. Wajumbe waliporudi kuomba fungu moja kati ya 12, sehemu ya fungu hilo ikiwa ya kusaidia mji ulioteketea, Thorin alijibu kwa mshale, ukakita katika ngao ya mjumbe.

Mshale huo ndio mwisho wa haki yake. Aliyemwaga mawe ya mji wa Dale alikuwa joka. Sasa anayekaa juu ya dhahabu mlimani na kuwafukuza majirani kwa silaha ni nani? Mwandishi hasemi wazi kwamba Thorin amekuwa Smaug wa pili, na amefanya vyema kutosema. Ametuwekea picha mbili mahali pamoja, akatuachia sisi kuzilinganisha.

Wala Thorin hakukosa mashauri. Kunguru mzee wa mlimani, ambaye jamii yake ilikuwa rafiki ya vibeti tangu zamani, alimwambia kwamba amwamini yule aliyeua joka, na kwamba amani kati ya vibeti, binadamu na Waelfi ni bora, hata kama itamgharimu dhahabu nyingi. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Thorin alikasirika, akatuma habari kwa jamaa yake Dain aje na watu wenye silaha. Dain akaja na zaidi ya 500. Huku nyuma, waliozingirwa ndani ya mlima walikuwa wakila mikate mikavu ya safari. Tazama basi maana ya jambo hili. Mtu ana dhahabu isiyohesabika na hana chakula, kwa sababu chakula cha mlima ule tangu zamani kilitoka kwa majirani, na majirani amewafungia lango. Maneno aliyoyasema mwenyewe katika nyumba ya Bilbo yamerudi kumshuhudia.

Bilbo ndiye aliyeona njia. Alikuwa amekiokota na kukificha kito kikuu cha ufalme, Arkenstone, ambacho Thorin alikipenda kuliko mali yote. Usiku akatoka, akampa Bard kito hicho kiwe rehani ya mapatano, kisha akarudi kwa wenzake kupokea lawama. Thorin alipojua alitaka kumtupa kutoka juu ya ukuta. Hatimaye akakubali kukikomboa kito kwa fungu la Bilbo, yaani moja kati ya 14, lakini moyoni alikuwa akifikiri namna ya kukipata bila kulipa. Nakiri kwamba kila nisomapo mahali hapa huona uchungu zaidi kuliko katika habari za vita. Thorin ni mtu mkubwa, na hapa amekuwa mdogo kuliko hobiti wake.

Ndipo wakatokea mazimwi wa milimani pamoja na mbwa mwitu, jeshi kubwa mno, na wale waliokuwa karibu kupigana wakalazimika kuungana. Thorin na wenzake walibaki ndani kwa muda. Kisha ukuta walioujenga langoni ili kuwazuia majirani ukaangushwa kwa ndani, na mfalme akatoka. Na neno lake ni nini? Anawaita wote waje kwake: Waelfi, binadamu, na jamaa zake. Kwa mara ya kwanza katika kitabu chote, Thorin anawaita majirani pamoja na watu wake kwa mwito mmoja. Nao wanakuja, wengi, ingawa jana yake walikuwa wakimzingira. Kwangu mimi huo ndio wakati alipokuwa mfalme. Taji alikuwa amelivaa tangu zamani kwa kuzaliwa. Ufalme aliupata alipouvunja ukuta.

Aliupata kwa saa chache. Alichomwa mikuki, akachukuliwa hoi kutoka uwanjani. Kabla ya kufa alimwita Bilbo, akayafuta maneno na matendo yake ya langoni, akasema kwa maana hii: kwamba kama watu wangethamini chakula, furaha na wimbo zaidi ya dhahabu iliyorundikwa, dunia ingekuwa mahali pa furaha zaidi. Watu huyanukuu maneno hayo kama methali, wakiyakata na hadithi yake. Lakini yasomwe pamoja na yale yaliyotangulia. Anayesifu chakula ni mtu aliyekula mikate mikavu juu ya rundo la dhahabu. Ni mwana wa taifa lililolishwa na jirani. Amekumbuka mwisho ile nusu ya nchi aliyoisahau. Alizikwa chini ya mlima na Arkenstone kifuani pake, kito kikiwa kimewekwa na mkono wa Bard.

Tolkien aliijua sana namna hii ya kiongozi. Katika mwaka 991, huko Maldon, mashariki ya Uingereza, bwana mmoja jina lake Byrhtnoth aliwakabili maharamia wa kaskazini waliokuwa wamekwama kisiwani. Njia ya kuvukia ilikuwa nyembamba, na watu wachache waliweza kuizuia. Lakini yeye akawaruhusu maadui wavuke ili vita viwe vya usawa. Akauawa, na watu wake waaminifu wakafa kumzunguka. Kuna shairi la kale juu ya vita hivyo, na Tolkien aliandika juu yake katika mwaka 1953. Alisema kwamba kiburi cha bwana huyo kilizidi mpaka, na kwamba sifa kubwa ni ya wale wadogo waliolipa kwa maisha yao kosa ambalo si lao. Ukikumbuka hayo, utawatazama kwa jicho jingine Fili na Kili, vijana wa dada yake Thorin, waliokufa wakimkinga mjomba wao kwa ngao na miili yao. Thorin alipata nafasi ya kutubu. Wao hawakuwa na la kutubia.

Haki yataka tutaje na kasoro za kitabu. Ya kwanza ni kuja kwa mazimwi. Mwandishi ameanzisha shauri zito kati ya watu wawili wenye haki, na mara analikatiza kwa kuleta adui ambaye hana haki yoyote, ambaye kila mtu aweza kumwua bila kuwaza. Laiti angewaacha Thorin na Bard walimalize wenyewe! Katika maisha, ndugu wagombanao juu ya shamba la baba yao hawaokolewi na jeshi la mazimwi. Hawana budi kukaa chini na kusemezana. Ya pili ni kwamba Fili na Kili wametajwa kufa kwa maneno machache mno, kana kwamba mwandishi aliharakisha kufunga kitabu. Ya tatu ni kwamba kati ya vibeti 13 tunawajua vizuri watatu au wanne, na wengine ni majina na rangi za kofia. Hakuna sauti hata moja ya mwanamke, ingawa hapana shaka wanawake wa Mji wa Ziwani walikuwa na la kumwambia mfalme wa mlima.

Wanafunzi wengine watakuwa wamemjua Thorin kwanza kwa sinema tatu za Peter Jackson zilizotoka mwaka 2012, 2013 na 2014. Humo amekuwa kijana zaidi wa sura, na amepewa adui wa kumwinda, zimwi aitwaye Azog, ambaye kwa habari za Tolkien alikuwa amekufa miaka mingi kabla ya safari hii. Sinema zapendeza macho. Lakini kitabu hakikuwa na haja ya adui huyo, kwa kuwa adui wa Thorin alikuwa amekaa ndani yake mwenyewe.

Limebaki jambo moja la kuangalia, nalo ni dogo kwa maneno. Baada ya mazishi, Dain akawa mfalme, akampa Bard fungu moja kati ya 14 ya fedha na dhahabu. Bard akawagawia watu wa Ziwani, na Dale ukajengwa upya. Miaka baadaye Bilbo anapata habari kwamba bonde lina mazao tena, na vibeti, binadamu na Waelfi ni marafiki. Fungu lile Thorin alilolikataa kwa mshale lililipwa, na mlima haukuanguka. Hazina haikupungua hata ikaonekana. Kilichopungua ni Thorin mwenyewe na vijana wawili wa dada yake.

Kwa hiyo kitabu hiki hakisemi kwamba aliyedhulumiwa anyamaze, wala kwamba kudai nchi ya baba ni tamaa. Thorin alikuwa na haki ya kurudi, na sisi tulikuwa na haki ya kumtakia afike. Kinasema neno gumu zaidi: kwamba kudhulumiwa hakumfanyi mtu kuwa mwadilifu, na kwamba siku ya kupata haki yako ndiyo siku ya kujaribiwa, maana siku hiyo utawakuta langoni wengine waliopoteza pamoja nawe. Aliyeukumbuka mlima kwa miaka 171 hakukumbuka ni nani aliyekuwa akileta mkate katika mlango mkubwa. Msomaji asomapo kitabu hiki na amwonee fahari Thorin asimamapo na majani katika ndevu zake, kisha amwogope asimamapo langoni na upinde. Ni mtu mmoja, na kati ya picha hizo mbili pana majuma machache tu.